Inchi 48: mzazi amekubali, kijiti kimekataa

Shule zikishafungwa mwezi wa sita hapa Twin Cities, kila nyumba yenye mtoto inasikia wimbo mmoja: tunaenda Valleyfair lini? Na kama si Valleyfair kule Shakopee, basi ni zile bembea zilizo ndani ya Mall of America kule Bloomington, na Agosti ikikaribia kuisha ni State Fair. Kwenye kipindi cha wiki hii tuligusia kwa dakika mbili tu habari ya wazazi wetu na vipimo vya urefu, na jumbe za sauti zikamiminika. Wengine mlicheka hadi mkashindwa kumaliza sentensi. Wengine mlikuwa mmekasirika kabisa. Lakini swali lilikuwa moja: kama mimi mzazi nimekubali mwanangu apande, huyo kijana wa kwenye foleni ni nani hata akatae?

Dakika mbili hazikutosha. Kwa hiyo safu ya leo ni ya hilo.

Kwanza tuelewane kwa maneno, maana najua wengi wenu mnasoma hapa ili Kiswahili kisiwatoroke. Nitasema "bembea" kwa kila chombo cha kupanda. Ile inayopita kwenye reli kwa kasi huku watu wakipiga mayowe ni rolakosta. Ule ubao wenye alama unaosimamishwa mwanzo wa foleni nitauita kijiti. Nyanya zetu walijua bembea ya kamba kwenye mwembe. Neno ni lile lile, limepanda juu tu.

Na limepanda kweli. Wild Thing, rolakosta kubwa ya Valleyfair iliyofunguliwa 1996, ina kimo cha futi 207, karibu mita 63, na inafika maili 74 kwa saa, yaani kama kilomita 119. Ili uipande unatakiwa uwe na inchi 48, ambazo ni sentimita 122. Kwa chati za ukuaji zinazotumiwa na madaktari wa hapa, mtoto wa katikati anafika urefu huo akiwa na miaka 7 hivi. Maana yake ukichukua watoto wa miaka 7 ukawapanga mstari, karibu nusu watapita na karibu nusu watakataliwa, na wote ni wazima, wamekula vizuri, hakuna mwenye tatizo. Weka hilo akilini, kwa sababu mzazi wa Kiafrika akiambiwa mtoto wake "hajafika", jambo la kwanza analosikia ni kwamba hamlishi.

Namba inatoka wapi

Wengi wetu tulikua tukidhani kijiti kinapima ujasiri, au kinapima umri kwa njia ya mzunguko. Hapana. Kinauliza swali moja tu: je, mwili huu utakaa ndani ya kiti hiki?

Mimi ni mhandisi. Kazini tunatengeneza vifaa vya hospitali, si bembea, lakini hesabu ya mwili na chuma haibadiliki sana. Fikiria rolakosta imepanda kilima kidogo kwa kasi halafu inaanza kushuka. Behewa limeshageuka kwenda chini, ila mwili wako bado unataka kuendelea juu. Hiyo sekunde unayohisi tumbo limebaki nyuma, kiti hakikusaidii kitu. Unashikiliwa na chuma kilicholala juu ya mapaja yako. Mtu mzima ana mapaja marefu, nyonga pana, na mara nyingi miguu yake inagusa sakafu. Mtoto mfupi miguu yake inaning'inia, mapaja ni mafupi, nyonga ni nyembamba, na kichwa ni kizito ukilinganisha na kiwiliwili. Mtoto mchanga kichwa chake ni kama robo ya urefu wake wote. Kwa mtu mzima ni kama sehemu moja ya saba au ya nane. Mtoto wa miaka 5 yuko katikati ya hiyo safari. Uzito wake umekaa juu zaidi, na mahali ambapo chuma kinatakiwa kumnasa pana nyama kidogo ya kunasa. Anaweza kuchomoka kwa juu, au akateleza kwa chini.

Halafu kuna chuma cha pamoja. Kwenye bembea nyingi, hasa za zamani, chuma ni kimoja kwa watu wawili, na kinasimama pale kinapokutana na aliye mnene. Sasa baba ana kitambi chake cha nyama choma na miaka ishirini ya kukaa ofisini. Chuma kimegota kwa baba. Kati ya chuma na mapaja ya mtoto kuna nafasi ya kupitisha sufuria. Ndiyo maana ile kauli ya "nitamshika mwenyewe" haina uzito. Kwenye kona inayokandamiza kwa nguvu mara tatu ya uzito wa kawaida, mtoto wa kilo 20 anakuwa kama mzigo wa kilo 60, na mikono yako yenyewe imekuwa mizito mara tatu. Upendo haubishani na hiyo hesabu.

Kipimo kinaanzia kwa mtengenezaji wa bembea, anayejua kiti chake kilijaribiwa kwa miili ya ukubwa gani. Viwango vinavyofuatwa sana Marekani vinatoka kwa kamati ya ASTM iitwayo F24, iliyoundwa 1978. Lakini hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mwaka 1981 Bunge la Marekani liliondoa mamlaka ya tume ya usalama wa bidhaa ya serikali kuu juu ya bembea zilizojengwa mahali pa kudumu. Zile zinazosafirishwa kwa malori kutoka maonyesho hadi maonyesho zilibaki chini ya tume hiyo. Za kudumu ziliachiwa majimbo. Kwa hiyo Wild Thing ya Shakopee na bembea inayokuja na lori hadi State Fair pale Falcon Heights haziko chini ya mamlaka yale yale, ingawa ni mwendo wa nusu saa tu kati yao. Minnesota ina sheria yake inayodai bima na ukaguzi wa kila mwaka. Lakini siku yenyewe, saa nane mchana, jua likiwaka, foleni ikiwa ndefu, usalama wa mtoto wako umebaki mikononi mwa watu wawili: yule kijana mwenye kijiti, na wewe.

Mbinu zetu tunazijua

Tusidanganyane, tunazijua. Tishu zilizokunjwa ndani ya raba. Soksi jozi tatu mwezi wa saba. Viatu vyenye soli kama matofali. Nywele zilizofungwa fundo juu ya utosi asubuhi hiyo hiyo, na mama anasema ni mtindo tu. Kuna yule mjomba anayesimama nyuma ya mtoto akimnong'oneza, "nyoosha shingo, nyoosha shingo." Na kuna wazo la kwenda kupimwa asubuhi na mapema, kwa sababu ni kweli kabisa kwamba mtu huamka akiwa mrefu kidogo kuliko anavyolala, uti wa mgongo hujibana kadiri siku inavyokwenda. Hiyo ya mwisho angalau ni sayansi.

Watetezi wa mbinu hizi wana methali yao: mtoto akililia wembe, mpe. Ni methali nzuri na nimelelewa nayo. Lakini angalia inafanya kazi lini. Mtoto akipewa wembe atajikata kidole, atalia, atafungwa kitambaa, na hatalilia tena. Somo limempata na yeye bado yupo. Methali inategemea kwamba atakuwepo baadaye ili ajifunze. Tishu ndani ya kiatu zinamwongezea mtoto nusu inchi juu ya kijiti, ila hazirefushi paja lake hata kwa unywele. Umemdanganya kijana wa foleni. Chuma hakijadanganyika.

Tena tuseme wazi kwamba anayelia mara nyingi si mtoto. Mtoto wa miaka 5 analia dakika kumi, anaona aiskrimu, anasahau. Anayebaki na donge ni mtu mzima aliyelipia tiketi ya familia nzima na kuendesha gari kutoka Brooklyn Park, na sasa anaambiwa hapana mbele ya watu.

"Mtoto ni wangu"

Hapo ndipo penyewe.

Wazazi wetu wametoka mahali ambapo neno la mzazi ndilo karatasi. Mzazi akisema mtoto aende safari, anaenda. Akisema abaki, anabaki. Hakuna fomu. Wamefika hapa wakakuta kila kitu kina saini, namba, na mtu wa miaka kumi na saba mwenye kofia ya kazi anayeweza kusimama kati ya baba na mtoto wake. Na hawa ni watu waliopimwa sana. Wamepimwa kifua kwa ajili ya viza, wamepimwa Kiingereza wakati wamesoma kwa Kiingereza maisha yao yote, vyeti vyao vimepimwa upya na kuambiwa havitoshi. Ukimwelewa hivyo, utaona kwa nini mzee anawaka kwa sababu ya inchi moja na nusu.

Kuna na jambo dogo la mkono. Kwa jamii nyingi za kwetu, Kenya, Uganda, Kongo, ukionyesha urefu wa mtoto hulazi kiganja kifudifudi hewani. Hivyo ni kwa mbuzi. Kwa mtoto unasimamisha mkono, vidole vikielekea juu, ili aendelee kukua. Sasa mwangalie nyanya aliyekuja kutembea kutoka Kisii, anaona mtu asiyemjua anamwekea mjukuu wake ubao bapa juu ya utosi na kumkandamiza nywele. Hajasema kitu, lakini uso wake umeshasema.

Ila wazee wetu pia walipimwa kwa mwili, na walikubali. Waulize waliosoma vijijini zamani. Vyeti vya kuzaliwa vilikuwa adimu, kwa hiyo siku ya kuandikishwa darasa la kwanza mwalimu alikuambia upitishe mkono wa kulia juu ya kichwa uguse sikio la kushoto. Ukilifikia, ingia. Usipolifikia, rudi nyumbani, njoo mwakani. Mtoto wa kawaida hulifikia sikio akiwa na miaka 6 au 7 hivi, karibu umri ule ule anaofikia inchi 48. Hakuna aliyemwambia mwalimu, "mimi ni baba yake na nimesema amefikia." Kila mtu aliona vidole vilipoishia.

Mimi hupenda kuwaambia wazee wangu kwamba kijiti ndicho afisa pekee Marekani asiyeuliza makaratasi. Hakiulizi lafudhi, hakiulizi bima, hakijali kama ulizaliwa Machakos au Edina. Majirani zetu wengi waliopitia kambi za Dadaab, Kakuma na Nyarugusu waliandikiwa tarehe ya kuzaliwa Januari 1, na watoto wao wameteseka shuleni kwa sababu ya umri wa karatasi usiolingana na mwili. Kijiti hakina habari na hayo. Unasimama, unaguswa au huguswi.

Wacha niwape kisa kimoja. Majira ya joto yaliyopita tulikuwa kwenye bustani moja ya bembea hapa karibu, mimi, dada yangu, mtoto wake wa miaka 6, na baba yetu. Mtoto ana inchi 46 na nusu. Kijana wa foleni akampima, akatikisa kichwa. Baba akaanza kwa Kiingereza cha upole, kisha Kiingereza cha ukali, kisha akasoma jina kwenye kifua cha yule kijana na uso ukabadilika. Akahamia Kiswahili.

"Kumbe wewe ni wetu. Baba yako ni nani?"

Kijana akajibu kwa heshima, akataja kwao. Baba akajua ukoo wao, nusu. Foleni nzima ikasubiri ukoo uelezwe.

"Sasa, kijana wangu, mimi ni kama baba yako. Huyu ni mdogo wako. Mwache apite."

"Mzee, pole sana, siwezi."

"Nani anakuambia huwezi? Mimi ndiye mkubwa hapa."

"Ni kweli, mzee. Lakini akianguka, aliyefunga kile chuma ni mimi."

Baba alinyamaza. Alimshika mjukuu wake mkono wakaondoka kwenye foleni bila neno, na kwa saa nzima hakuna aliyethubutu kumsemesha. Kwenye gari, tumefika karibu na daraja la Bloomington Ferry, akasema tu, "Yule kijana, mama yake amefanya kazi." Halafu akafunga macho.

Nimelifikiria sana jibu la yule kijana. Alikuwa anabanwa kwa silaha nzito kuliko zote tulizo nazo, undugu. Na huyo kijana angeweza kuwa yeyote kati yenu mnaosoma hapa. Wangapi mmefanya hizi kazi za kiangazi mkitafuta hela ya vitabu? Tukimwambia "mimi ni kama baba yako", tunamtaka abebe kitu ambacho baba hapaswi kumbebesha mtoto.

Na huruma inaua kweli. Julai 2011, kwenye bustani ya Darien Lake jimbo la New York, askari aliyepoteza miguu yote miwili vitani Iraq alipanda rolakosta pamoja na jamaa yake. Kanuni ya bembea ile ilidai mtu awe na miguu yote miwili, kwa sababu chuma kilikuwa kinanasa mapaja na miguu. Alirushwa nje, akafa. Uchunguzi wa jimbo ulisema wahudumu hawakufuata kanuni iliyokuwa imeandikwa. Mimi nikifikiria siku ile, sioni watu wabaya. Naona mtu mzima shujaa anayetaka kufurahi na familia yake, na wahudumu ambao wangeona aibu kumwambia hapana. Nani angemkatalia? Na bado ilibidi akataliwe.

Upande wa pili: mtoto mrefu

Wengi waliotuma jumbe walikuwa na mtoto mfupi. Mimi nina tatizo la kinyume, na nataka tulizungumze zaidi kwa sababu halizungumzwi.

Binti yangu ana miaka 6 na ana inchi 50. Tumerithi kutoka kwa babu mzaa mama. Kijiti kinampitisha kila mahali bila swali. Mhudumu anatabasamu, anamwambia "twende, dada mkubwa." Lakini ndani ya ule mwili mrefu kuna mtoto wa miaka 6 ambaye akiona kipepeo atasimama, akiogopa atajaribu kutoka, na akiambiwa "weka mikono ndani" atauliza kwa nini mara nne. Kijiti kimemaliza kazi yake. Kazi iliyobaki ni yangu.

Mtoto mweusi mrefu katika nchi hii anaongezewa miaka na kila mtu. Mwaka 2014 chama cha wanasaikolojia cha Marekani kilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba wavulana weusi, kuanzia miaka 10 hivi, huonekana wakubwa kuliko walivyo na wasio na hatia kidogo kuliko wenzao. Mwaka 2017 kituo cha Chuo Kikuu cha Georgetown kilionyesha jambo hilo hilo kwa wasichana weusi, kuanzia miaka 5. Mwalimu anamtarajia ajizuie kama wa darasa la nne. Muuza duka anamfuata kwa macho. Kwenye bembea anaambiwa amekuwa mkubwa, na sisi wenyewe tunafurahi: ona alivyo mrefu, mwache apande! Tunamwongezea miaka na sisi.

Machi 2022 mjini Orlando, mvulana mweusi wa miaka 14 alianguka kutoka bembea ya kudondoka na kufa. Alikuwa mrefu, na mwili wake ulikuwa umepita uzito wa juu ulioandikwa kwenye mwongozo wa bembea ile. Uchunguzi ulionyesha kihisio cha kiti chake kilikuwa kimerekebishwa kwa mkono, kiasi kwamba taa za usalama ziliwaka ingawa nafasi iliyobaki kwenye kiti ilikuwa kubwa mno. Florida ikapitisha sheria yenye jina lake mwaka uliofuata. Alikuwa na mwili wa mtu mzima, na alikuwa mtoto. Watu wazima walioweka ile bembea ndio waliotakiwa kumwambia hapana, na hakuna aliyesema.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama kijiti kinamnyang'anya mzazi mamlaka, namjibu kwamba mzazi alikuja na mamlaka mawili: la kuruhusu na la kukataza. Kijiti kinachukua la kwanza, tena kwa wale wasiofikia tu. La pili hakuna anayeligusa. Inchi 48 ni mlango wa chini kabisa. Hakuna mhudumu atakayekulazimisha upite. Mimi nimemkatalia binti yangu bembea mbili ambazo kijiti kilimruhusu, na alinuna hadi nyumbani. Hapo nilikuwa mzazi kuliko siku yoyote ningeweza kubishana na kijana wa foleni.

Kabla hamjatoka nyumbani

Mambo machache, yale tunayofanya sisi na yale mliyotuma nyinyi.

Mpimeni mtoto ukutani nyumbani, bila viatu, jioni. Ukipata namba ndogo kuliko zote, hutashangazwa na kijiti. Fungueni tovuti ya bustani muone bembea zipi anaruhusiwa, na mmwambie kabla ya kuingia garini. Habari mbaya sebuleni ni ndogo kuliko habari mbaya mbele ya rolakosta baada ya dakika arobaini za kusimama.

Nywele ziwe bapa siku hiyo. Matuta ya kulala, kilimia, chochote kisichoongeza kimo. Inamwepusha mtoto na mikono ya wageni kichwani mwake. Leso na ncha za hijabu ziingizwe ndani, zisining'inie.

Ulizeni kuhusu kubadilishana. Bustani nyingi huruhusu mzazi mmoja apande huku mwingine akibaki na mtoto mdogo, halafu wabadilishane bila kupanga foleni upya. Wazazi wengi wetu hawajui hili lipo, kwa hiyo mmoja wao hurudi nyumbani bila kupanda kitu.

Chagueni mahali kulingana na mtoto mdogo kuliko wote. State Fair ina Kidway, sehemu ya watoto, mbali na Mighty Midway ya wakubwa, na ina Ye Old Mill, mashua za kupita gizani polepole ambazo zipo tangu 1915. Mzee akipanda hiyo na mjukuu wake, wote wawili wanatoka wakicheka, na hakuna aliyepimwa utosi.

Na sisi tulio katikati, tunaofasiri, tuna kazi yetu. Baba akianza kubishana, usimwambie kwa Kiingereza atulie. Umemtoa nguo mbele ya watu. Mwambie kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini: "Baba, si kijana anayekataa. Ni chuma." Ni maneno machache na ni ya kweli. Mkumbushe pia kwamba tayari anatii kipimo cha namna hii kila siku. Tangu Agosti 1, 2024 sheria ya Minnesota inataka mtoto akae kwenye kiti cha kumwinua garini hadi afike miaka 9 au mkanda wa gari umkae sawasawa, na hakuna babu ninayemjua anayemvizia polisi ili amtoe mjukuu kitini. Alishaelewa kwamba mkanda ulitengenezwa kwa mwili mkubwa. Chuma cha rolakosta ni mkanda tu, kwenye gari linaloenda kichwa chini.

Wiki ijayo tunaongea na wale mliofanya kazi za kiangazi kwenye bembea, duka la aiskrimu, na vibanda vya State Fair. Kama umewahi kumwambia mzee wa kwenu hapana ukiwa na kofia ya kazi kichwani, tutumie ujumbe wa sauti, dakika moja na nusu isizidi. Tunataka kusikia alikujibu nini. Na tunataka kusikia uliwezaje kulala usiku ule.